Muundi unauma ukikimbia: jinsi ya kuutibu na kurudi kukimbia bila kuutonesha

Maswali huwa yale yale, na karibu kila mara anayeuliza yuko katika wiki ya tatu au ya nne tangu aanze kukimbia. Niendelee au nipumzike? Niweke barafu au maji ya moto? Ninunue viatu vingine? Mbio ziko mwezi ujao, nitakuwa nimepona? Nimeyajibu moja moja hadi nikachoka kujirudia, kwa hiyo majibu yote nimeyapanga hapa, kuanzia siku ya kwanza ya maumivu hadi siku utakayokimbia dakika 30 na kusahau kwamba una miundi.

Nianze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia: muundi huacha kuuma kabla haujapona. Mtu anakaa siku nne, maumivu yanaisha, anavaa viatu na kukimbia umbali ule ule uliomuumiza. Wiki inayofuata anarudi na maswali yale yale, ila safari hii anachechemea. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kipindi hicho cha katikati, ambapo huumwi tena lakini bado hujapona.

Kinachouma ni nini

Muundi ni ule mfupa mrefu wa mbele ya mguu, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Maumivu tunayoyazungumzia hukaa kwenye ukingo wake wa ndani, upande unaoutazama mguu wa pili, na mara nyingi huanzia katikati kushuka chini. Kila unapokanyaga, mfupa hujipinda kidogo sana, na misuli ya shavu la mguu huvuta utando unaoufunika. Mfupa hujibu kwa kujijenga upya, lakini hubomoa kwanza na kujenga baadaye. Hivyo kwa wiki kadhaa baada ya kuongeza mazoezi, palipobomolewa panakuwa hapajajazwa. Moyo na mapafu huzoea mbio mapema kuliko mifupa, ndiyo maana unaumia wakati ule ule unapoanza kujisikia una pumzi.

Nadharia inatosha hapo.

Kabla ya yote: hakikisha ndio huo

Kaa kwenye kiti, weka mguu unaouma juu ya goti la pili. Kwa kidole gumba, bonyeza ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia kwenye kifundo ukipanda juu polepole, sentimita kwa sentimita. Maumivu ya muundi hutapakaa: utaumwa kwenye mstari wa sentimita 5 au zaidi, yaani karibu upana wa vidole vitatu au zaidi. Mara nyingi huuma unapoanza kukimbia, hupungua mwili ukishapata moto, kisha hurudi ukimaliza au asubuhi unaposhuka kitandani.

Kama hali yako inafanana na mojawapo ya hizi, uwekee mwongozo huu alama na uende kwa daktari kwanza:

- Maumivu yapo kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Huenda mfupa umepata ufa. Picha ya eksirei iliyopigwa katika wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi ufa huo. Kipimo cha MRI huuona mapema zaidi. Ukiambiwa eksirei iko safi, usiichukue kuwa ruhusa ya kukimbia.
- Nukta hiyo iko mbele kabisa, kwenye ule ukingo mkali wa mfupa. Ufa wa hapo huunga kwa shida na unaweza kuishia kuwa mvunjiko kamili. Usijaribu hata kukimbia polepole.
- Unaumwa ukiwa umelala, au unachechemea kwa kutembea tu.
- Ukikimbia kwa dakika kadhaa mguu unakaza kana kwamba umefungwa kamba, unapata ganzi au wayo unaburuzika, kisha ukisimama hali inatulia muda mfupi baadaye. Hilo ni shinikizo ndani ya misuli, na lina matibabu yake.
- Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma hata bila mazoezi. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo wala usilikande. Ukiwa na maumivu ya kifua au pumzi inakata, hiyo ni dharura.
- Umegongwa au umeanguka, na mguu umekuwa mgumu huku maumivu yakizidi kila saa. Hiyo pia ni dharura.

Vitu vya kuandaa

Orodha yenyewe ni fupi. Unahitaji daftari dogo na kalamu, saa yenye sekunde, barafu na taulo jembamba, ukuta wa kuegemea, na kipandio cha ngazi kilicho imara. Baadaye utahitaji begi la mgongoni la kutilia vitu vizito. Kama unaweza kupata baiskeli au bwawa la kuogelea, vizuri. Kama huwezi, utapona vile vile.

Kitu cha mwisho ni kigumu kuliko barafu: wiki 6 zisizo na mbio wala ahadi ya mbio. Najua huenda umeshalipia. Ukianza ukiwa na tarehe kichwani, kila hatua hapa chini utaikatisha, na huo ndio ukweli wa wengi niliowahi kuwajibu.

Hatua ya 1: Acha kukimbia, usiache kutembea

Kwa siku 7 hadi 14 za mwanzo, ondoa kila kitu chenye kishindo: kukimbia, kuruka kamba, mpira, kushuka ngazi mbio. Kutembea kunaruhusiwa mradi maumivu yasivuke 2 katika kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna kitu na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

*Tahadhari:* Kulala kitandani wiki mbili si tiba. Mfupa usiobebeshwa chochote hupungua nguvu, misuli nayo hulegea, na siku ya kurudi unakuwa dhaifu kuliko ulipoumia. Tafuta mzigo ambao mguu unaumudu, uubebe huo.

Hatua ya 2: Anza daftari leo, si kesho

Kila asubuhi kabla hujaanza shughuli, rudia kile kipimo cha kidole gumba na uandike namba mbili: maumivu ni mangapi kati ya 10, na yametapakaa sentimita ngapi. Bonyeza kwa nguvu ile ile kila siku. Jioni andika ulichofanya: umetembea dakika ngapi, mazoezi gani, kulikuwa na maumivu kiasi gani.

Watu hulipuuza daftari hili kuliko kitu chochote kingine katika mwongozo, na ndilo litakalokuokoa. Wakati wa mazoezi mwili una joto na unaweza kukudanganya. Asubuhi ya pili haidanganyi. Kuanzia hapa maamuzi yote yatafuata kanuni hii:

- Asubuhi namba ni ile ile au imeshuka, na jana maumivu hayakuvuka 2: endelea.
- Imepanda kwa alama 1, au jana yalifika 3 hadi 4: rudia kiwango hicho hicho, usiongeze.
- Imepanda kwa alama 2 au zaidi, au jana yalifika 5: pumzika siku 2, kisha rudi kiwango kimoja nyuma.

Hatua ya 3: Tuliza maumivu kwa kiasi

Barafu: izungushie taulo, weka dakika 15, mara 2 au 3 kwa siku, katika siku chache za mwanzo au baada ya mazoezi. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, maana baridi nayo huunguza. Barafu hupunguza maumivu, basi. Mfupa haujengwi nayo. Ukipenda maji ya vuguvugu kwenye shavu la mguu lililokaza, tumia. Mjadala wa barafu na maji ya moto umekula muda wa watu wengi bila faida.

Dawa: paracetamol inaweza kukusaidia upate usingizi. Ibuprofen na jamii yake zina madhara kwa tumbo na figo, kwa hiyo soma maelezo ya pakiti na umuulize mfamasia, hasa kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito.

*Tahadhari:* Usimeze kidonge ili ukimbie. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikamaliza mbio nikijipongeza, halafu nikakaa miezi minne bila kukimbia hata hatua moja. Kidonge kilikuwa kimezima kengele tu, moto ukaendelea.

Kukanda: kanda nyama ya shavu la mguu kwa mikono au kwa kuviringisha chupa, dakika 2 hadi 3. Usiusugue mfupa wenyewe. Wanaousugua kwa chupa kila usiku wakiamini wanayeyusha kitu huwa wanauchokoza utando ambao tayari una hasira.

Hatua ya 4: Linda pumzi kwa njia nyingine

Baiskeli, kuogelea, au kukimbia ndani ya maji ya kina bila kugusa sakafu, mara 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 40. Kwenye baiskeli kiti kisiwe juu mno, ili usikanyagie kwa ncha ya vidole. Bwawani usijisukume kwa nguvu ukutani unapogeuka. Huna hivyo vyote? Tembea kwa kasi kwenye tambarare, ongeza dakika 5 kila baada ya siku 2 au 3, kwa kufuata daftari.

Hatua ya 5: Jenga misuli inayoubebea mfupa

Anza mara tu kutembea dakika 15 kutakapokuwa chini ya alama 2. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Ukienda haraka unarushwa na mwendo wenyewe na msuli haufanyi kazi.

a) *Kuinua visigino, magoti yamenyooka.* Simama ukishika ukuta, inuka kwa ncha za nyayo, shuka polepole. Mara 12 hadi 15, awamu 3. Ukiweza kwa wepesi, hamia mguu mmoja. Baadaye fanyia kwenye ukingo wa kipandio ili kisigino kishuke chini ya usawa wa vidole. Lengo ni mara 20 hadi 25 kwa mguu mmoja, na miguu yote miwili ilingane.

b) *Kuinua visigino, magoti yamekunjwa.* Hilo hilo, ila kunja magoti kama mtu anayeanza kuchuchumaa, na yabaki hivyo muda wote. Goti likikunjwa, kazi huhamia kwenye msuli wa ndani wa shavu, ule unaobeba sehemu kubwa ya mzigo unapokimbia. Wengi hufanya (a) tu na kuruka (b). Kama una muda wa zoezi moja tu kati ya haya yote, fanya hili. Kazi ikiwa nyepesi, vaa begi lenye kilo 5, kisha uongeze kidogo kidogo.

c) *Kuinua vidole.* Egemea ukuta kwa mgongo, miguu ikiwa mbele hatua moja. Inua sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vibaki chini. Mara 15 hadi 20, awamu 3. Utahisi moto mbele ya muundi, upande wa nje. Huo ni msuli, si mfupa.

d) *Kufupisha wayo.* Ukiwa umesimama bila viatu, vuta mzizi wa kidole gumba kuelekea kisigino ili upinde wa wayo upande, bila kukunja vidole. Shikilia sekunde 5, mara 10. Siku za mwanzo wayo utakataa kabisa kutii. Endelea tu, siku moja utashtuka umetii.

e) *Nyonga.* Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia nyuma kidogo. Mara 15, awamu 2 au 3. Nyonga ikilegea, goti huingia ndani na mguu wote wa chini hupindika kulifuata.

Kujinyoosha shavu la mguu hakuponyi muundi, lakini kama kifundo chako ni kigumu kunasaidia. Jipime: weka ncha ya kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha jaribu kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Likishindwa kufika, jinyooshe sekunde 30 mara 3 kila siku. Likifika, usihangaike.

*Tahadhari:* Uchovu na uchungu wa nyama siku ya pili ni kawaida. Uchungu kwenye ukingo wa mfupa si kawaida. Rudisha mzigo nyuma.

Hatua ya 6: Fanya mtihani wa kurudi

Usirudi kwa sababu kalenda imefika. Rudi ukifaulu yote manne:

1. Umetembea kwa kasi dakika 30, siku 3, bila maumivu wakati huo wala asubuhi yake.
2. Kipimo cha kidole gumba ni 0 au 1.
3. Unainua kisigino cha mguu unaouma mara 20, goti limenyooka.
4. Unarukaruka papo hapo kwa mguu huo mara 10 bila maumivu kwenye mfupa.

La nne usilijaribu kabla ya matatu ya kwanza. Na ukiruka ukahisi mchomo kwenye nukta moja, rudi juu kwenye orodha ya kumwona daktari.

Aliyeacha kukimbia wiki ile ile ya maumivu mara nyingi huufikia mtihani huu baada ya wiki 3 hadi 6. Aliyekimbilia juu ya maumivu kwa miezi, ajipe miezi 3 au zaidi. Hakuna njia ya mkato ninayoijua, na nimezitafuta.

Hatua ya 7: Tembea, kimbia, tembea

Siku moja mazoezi, siku moja bila kishindo. Kila ngazi ifanye angalau mara 2, na usipande mpaka asubuhi zote mbili ziwe safi. Anza na dakika 5 za kutembea kupasha mwili moto.

1. Tembea dakika 4, kimbia dakika 1. Rudia mara 5.
2. Tembea dakika 3, kimbia dakika 2. Rudia mara 5.
3. Tembea dakika 2, kimbia dakika 3. Rudia mara 5.
4. Tembea dakika 1, kimbia dakika 4. Rudia mara 5.
5. Kimbia dakika 20 mfululizo.
6. Kimbia dakika 25.
7. Kimbia dakika 30.

Ngazi ya kwanza itakudhalilisha kidogo. Dakika tano tu za kukimbia kwa mtu aliyekuwa anamaliza kilomita 8! Wengi huiruka, na wengi hao hao hurudi kwenye hatua ya 1. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima. Usipande mlima, na zaidi ya hapo usishuke. Mteremko huongeza kishindo.

Mazoezi ya hatua ya 5 hayasimami hapa. Yafanye baada ya kukimbia, siku hiyo hiyo, ili siku ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli.

Hatua ya 8: Rekebisha mwendo wako

Hesabu hatua zako zote, kulia na kushoto, kwa dakika moja ukiwa unakimbia kawaida. Kama unapiga hatua ndefu na chache, kisigino hutua mbali mbele ya mwili na muundi hupokea kishindo chote. Ongeza idadi kwa asilimia 5 bila kuongeza kasi: mwenye hatua 156 alenge 164. Hatua zitafupika zenyewe na mguu utatua karibu na chini ya kiuno. Mwanzoni utajiona kama kuku anayekimbizwa. Baada ya wiki mbili hutaihisi tena.

Ushauri wa kukimbilia vidole siupendi. Unauhamishia shavu la mguu na kano ya kisigino mzigo wote kwa ghafla, na shavu hilo ndilo tunalojaribu kulizoesha mzigo polepole.

Kama barabara ina mwinamo upande mmoja, badilisha upande, usikimbie kila siku mguu ule ule ukiwa chini. Ukihama kutoka njia ya vumbi kwenda lami, hama kidogo kidogo.

Viatu vitazamwe haraka: soli imelika upande mmoja, au vimeshapita kilomita 500 hadi 800, badilisha. Chagua vile ambavyo mguu unajisikia vizuri ukikimbia navyo hatua chache dukani. Soli za ndani zinazoinua upinde wa wayo huwasaidia baadhi ya wenye nyayo bapa. Viatu vipya havitakutoa kwenye kosa la kuongeza kilomita haraka, hata viwe vya bei gani.

Hatua ya 9: Ongeza jambo moja kwa wakati

Ukishakimbia dakika 30 mara tatu kwa wiki, na wiki mbili zimepita salama, unaweza kuongeza. Ongeza muda kwanza, kama dakika 5 kwenye moja ya siku zako tatu kwa wiki. Kasi ije baadaye, milima mwisho. Usiongeze viwili katika wiki moja. Kila wiki ya nne punguza kidogo, mifupa ipate nafasi ya kumaliza ujenzi.

Na kula. Mtu anayeanza kukimbia ili apunguze uzito mara nyingi anakata chakula wiki ile ile anayoongeza mazoezi, yaani anauagiza mfupa ujenge huku ameuzuilia matofali. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, pamoja na vitamini D ya kutosha, na usingizi wa saa 7 hadi 9. Kwa mwanamke, hedhi ikikosekana miezi mitatu bila ujauzito, hiyo ni ishara kwamba mwili umeishiwa nguvu ya kujitunza na mifupa iko hatarini. Mwone daktari kabla ya kuongeza hata kilomita moja.

Mambo yakikwama

*Naumwa dakika 5 za kwanza, kisha yanaisha. Niendelee?* Hapana, au angalau si kwa ngazi hiyo. Kupotea kwa maumivu mwili ukipata moto ni tabia ya ugonjwa huu katika hatua zake za mwanzo. Ukiendelea, kipindi cha maumivu huwa kirefu hadi yasipotee tena. Soma daftari, rudi ngazi moja.

*Nimekwama ngazi ya 3, kila nikipanda asubuhi inaharibika.* Weka siku 2 za mapumziko kati ya mazoezi badala ya 1, kwa wiki mbili. Tazama pia kama mazoezi ya (a) na (b) umeyaongeza mzigo au bado unafanya yale ya wiki ya kwanza. Mara nyingi jibu liko hapo.

*Mguu wa kulia umepona, sasa wa kushoto unauma.* Ama umekuwa unaukwepa ule mbovu na kuutwika mzima, ama miguu yote miwili ilizidiwa tangu mwanzo na mmoja ulikuwa unapiga kelele zaidi. Fuata mguu ulio nyuma. Ngazi yake ndiyo ngazi yako.

*Kuna vijivimbe vidogo nikipitisha kidole kwenye mfupa.* Utando ukichokozwa unaweza kuvimba kidogo na kuhisika kama makunyanzi. Yakitapakaa na yakipungua wiki hadi wiki, endelea. Uvimbe mmoja ulio mgumu, unaouma peke yake, upeleke kwa daktari.

*Soksi za kubana na mkanda wa kubandika?* Vinaweza kukupa raha kidogo. Kama unavipenda, vaa. Visikupandishe ngazi ambayo mguu mtupu hauiwezi.

*Maumivu yangu yako mbele upande wa nje, kwenye nyama.* Huenda ni msuli unaoinua vidole ndio umechoka, hasa kama umeanza kutembea kwa kasi sana au kushuka milima. Punguza hayo, fanya zoezi la (c) taratibu, na hatua zilizobaki ni zile zile. Ikija ganzi juu ya wayo, soma tena orodha ya daktari.

*Mbio ziko baada ya wiki 3 na mimi niko ngazi ya 2.* Hutakimbia. Unaweza kuzitembea kama waandaaji wanaruhusu na kama kutembea umbali huo umeshakujaribu bila maumivu. Vinginevyo nenda ukawashangilie wenzako, beba na lile daftari, jioni uandike namba yako.

*Wiki 6 zimepita, nimefuata yote, namba haishuki.* Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa michezo, umpelekee daftari. Mwambie lini ulianza, uliongeza kilomita kiasi gani katika mwezi wa kuumia, na onyesha kwa kidole mahali panapouma. Mweleze pia dawa unazotumia na kama umewahi kuvunjika mfupa. Kurasa hizo zitampunguzia maswali mengi, na kama anaona haja ya picha, atajua aombe ya sehemu ipi.